Rangi ya kutawanya joto kwenye rejeta: Husaidia wapi, na wapi hupoteza fedha

DEREVA yeyote aliyeupanda mwinamo wa Mai Mahiu kuelekea Nairobi, gari likiwa limesheheni, anaujua wasiwasi wa kuiona sindano ya kipimo cha joto ikikaribia alama nyekundu. Injini ikichemka, hedi ya silinda huweza kupinda na gasketi kuungua, na gharama ya ukarabati ikammaliza mwenye gari.

Ndiposa baadhi ya madereva huvutiwa na rangi maalumu, nyingi zikiwa nyeusi, zinazosemekana kutawanya joto zinapopakwa kwenye rejeta na sehemu nyingine za injini. Madai hayo yana ukweli ndani yake, ila si pale wengi wanapodhania.

Joto hutokaje?

Kwa makadirio ya jumla, thuluthi moja ya nishati ya petroli huendesha gari, thuluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyosalia huingia katika maji ya kupoza injini na kuta za injini yenyewe. Pampu huyasukuma maji hayo hadi kwenye rejeta, ambamo hupita katika mirija bapa iliyoshikamana na vibati vyembamba. Upepo unaopita kati ya vibati hivyo ndio ulipokeao joto na kulichukua.

Mbali na kuchukuliwa na hewa, joto hutoka pia kwa mnururisho, yaani miali isiyoonekana, kama ile tuihisiyo tunapokaa kando ya jiko la makaa. Rangi hizi huathiri mnururisho huo.

Mwaka wa 1804, mwanasayansi wa Scotland, John Leslie, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa chombo cha mchemraba kilichojazwa maji moto. Aligundua kwamba upande uliopakwa masizi ulitoa miali mingi kuliko upande wa madini uliong'arishwa, ijapokuwa pande zote zilikuwa na joto sawa.

Leo tunajua kwamba alumini iliyong'arishwa hutoa takriban asilimia tano tu ya miali ambayo kitu cheusi kabisa kingetoa, ilhali rangi ya kawaida hutoa karibu asilimia 90. Jambo la kushangaza ni kuwa rangi nyeupe nayo hukaribia kiwango hicho. Katika kiwango hiki cha joto, weusi uonekanao kwa macho si kigezo.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa rejeta yenye uso wa robo ya mita mraba, ikiwa na nyuzi 95 za Selsiasi, na vitu vinavyoizunguka vikiwa na nyuzi 40. Hata ikipakwa rangi bora, nyuso zake mbili zitatoa wati 220 hivi kwa mnururisho, sawa na balbu nne za zamani za wati 60.

Gari dogo likipanda mlima huenda likahitaji kutoa wati 30,000 kupitia rejeta hiyo hiyo. Mchango wa rangi basi haufiki hata asilimia moja. Vibati vya ndani navyo havisaidii sana, kwa kuwa vinatazamana na kurushiana miali.

Isitoshe, rangi hupitisha joto kwa shida, takriban mara elfu moja chini ya alumini. Mpako mwembamba sana hauna madhara makubwa, lakini mpako mzito unaoziba nafasi kati ya vibati huuzuia upepo, na rejeta huwa mbaya kuliko ilivyokuwa.

Aidha, uso unaotoa miali kwa wingi huipokea kwa wingi pia. Upande wa rejeta unaotazama mabomba ya moshi yenye joto kali waweza kupokea joto badala ya kulitoa.

Panapofaa

Mpako huu hufaa zaidi pale ambapo upepo ni haba na joto ni kali. Mathalan, vibati vya kupoza vifaa vya elektroniki mara nyingi hutiwa rangi nyeusi. Sampu ya oili na kasha la gia la alumini tupu huweza kunufaika kidogo gari likiwa limesimama. Rangi pia huikinga rejeta dhidi ya kutu, hasa katika hewa ya chumvi ya pwani.

Ni muhimu kutochanganya rangi hizi na mipako ya kauri ipakwayo kwenye mabomba ya moshi. Hiyo hufanya kinyume: hulizuia joto lisitoke. Kuipaka kwenye rejeta ni kuivika blanketi.

Kabla ya kununua

Gari linalochemka lina hitilafu, na rangi haitaiondoa. Kagua kwanza kifuniko cha rejeta. Maji huchemka kwa nyuzi 100 Mombasa, lakini jijini Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa takriban nyuzi 94. Kifuniko kizima huongeza shinikizo na kukipandisha kiwango hicho kwa nyuzi 20 hivi. Kilicholegea huiondoa kinga hiyo.

Kisha tazama feni, thamostati, mkanda wa pampu, na matope au wadudu walioziba vibati. Epuka maji ya kisima yenye chumvi, kwani huacha magaga ndani ya mirija. Tumia dawa ya kupoza injini iliyopendekezwa na mtengenezaji. Usifungue kifuniko injini ikiwa moto, kwani maji huruka na kuunguza.

Rejeta safi isiyo na rangi itaipoza injini vyema kuliko iliyopakwa rangi ya bei ghali ilhali mirija yake imeziba.