Programu Huria juu ya Zana Miliki: Jambo OpenOffice na Wachapaji wa Mnazi Mmoja

Katika enzi ya ukoloni, Mnazi Mmoja paliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini. Eneo hilo la maduka ya steshenari na vibanda vya kuchapa barua linafaa kuwa kipimo cha mradi wa Kilinux, ijapokuwa mradi wenyewe ulizaliwa Mlimani.

Desemba 2004, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili. Jina la mradi lilibeba Linux, lakini programu hiyo iliweza kutumika pia ndani ya Windows. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mchapaji ambaye wateja wake huleta mafaili ya Word hawezi kuacha mfumo endeshi aliouzoea kwa sababu tu ya menyu ya Kiswahili.

Wala OpenOffice yenyewe haikuwa na nasaba safi. Ilitokana na StarOffice, bidhaa ya kibiashara ambayo Sun Microsystems iliinunua mwaka 1999 na kuufungua msimbo wake mwaka 2000. Baadhi ya kazi zake zilitegemea Java, ambayo Sun ilianza kuitoa kwa leseni huria mwishoni mwa 2006 tu. Hata waundaji wa Linux walitunza msimbo wao kwa BitKeeper, zana miliki, tangu 2002. Aprili 2005 ruhusa ya kuitumia bure iliondolewa, na Linus Torvalds akalazimika kuandika Git.

Kwa hiyo, kuuliza iwapo zana ilikuwa huria hakutoshi. Lazima pia kuulizwe ni nini kinachobaki mwenye zana anapoichukua. Katika Jambo OpenOffice zilibaki istilahi. Microsoft nayo ilitafsiri bidhaa zake kwa Kiswahili katika miaka hiyohiyo, lakini mtumiaji aliyekwazwa na neno hakuwa na ruhusa ya kulibadilisha na kusambaza nakala iliyosahihishwa. Mtumiaji wa Jambo alikuwa nayo. Kwamba haki hiyo ilidai ujuzi ambao mchapaji wa kawaida hakuwa nao ni upungufu wa mafunzo, si wa leseni, wala haukusababishwa na Windows iliyokuwa chini yake.