Maji lazima yaive: historia fupi ya bahari iliyo sebuleni kwangu Gesima

Mnisamehe kwa ukimya wa wiki kadhaa. Najua wengi mlikuwa mnangoja niendelee na somo la hifadhidata. Litakuja. Leo naomba nizungumzie kitu ambacho kila mgeni anayeingia kwetu hapa Gesima hukiuliza kabla hajaketi: lile tangi la vioo la lita 200 lililo sebuleni, lenye maji ya chumvi, mawe na taa ya buluu, ambalo kwa zaidi ya mwezi mmoja halikuwa na samaki hata mmoja. Jirani mmoja aliniuliza kwa upole kama pesa za kununua samaki zimeniishia. Mwingine aliuliza watakaangwa lini.

Kwa wasioijua Gesima, sisi tuko Nyamira, kwenye vilima vya majani chai na ndizi, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapa hadi Mombasa ni karibu kilomita 800 kwa barabara. Samaki tunaowajua ni ngege na omena wa Ziwa Victoria, pamoja na wale wa mabwawa yaliyochimbwa kwa wingi baada ya mpango wa serikali wa mwaka 2009. Bahari wengi wetu tumeiona kwenye runinga tu. Mimi niliiona nikiwa mwanafunzi wa chuo, nilipovaa miwani ya kuzamia kule Watamu na kuingiza kichwa majini kwa dakika kumi. Dakika hizo kumi ndizo zimenigharimu mshahara wa miezi kadhaa!

Lakini makala hii si ya kujivunia tangi. Naandika kwa sababu jaribio langu la kwanza liliua samaki wawili, na baadaye nikagundua kwamba kosa nililolifanya lilikuwa limeshaelezwa na watu wengine miaka mingi kabla sijazaliwa. Sisi waandishi wa programu tuna tabia hiyo. Tunasoma maelekezo baada ya mambo kuharibika.

Kosa lenyewe

Mwaka jana nilinunua tangi, pampu na mfuko wa chumvi ya baharini iliyotengenezwa kiwandani. Nikachanganya, nikapima, maji yakawa safi kama kioo. Siku ya tatu nikaweka samaki wawili wadogo wa buluu waliotoka Pwani, niliowanunua Nairobi. Muuzaji aliniambia maji yakishakuwa safi hakuna shida. Siku ya tano walikuwa wakihema juu juu karibu na uso wa maji. Siku ya saba nikawazika chini ya mgomba.

Nilimweleza baba mdogo, ambaye ana bwawa la samaki. Alicheka, kisha akaniuliza, "Uliyaivisha maji?" Kumbe mkulima wa bwawa akishajaza maji haweki vifaranga siku hiyo hiyo. Anatia samadi, anangoja wiki moja au mbili mpaka maji yageuke kijani, yaani yawe na uhai, ndipo anaweka samaki. "Maji mapya ni mabichi," akaniambia. Mimi na shahada yangu nikabaki kimya. Usiku huo nikaanza kusoma.

Mkono wa mtumishi, London 1846

Watu wamejaribu kufuga viumbe wa bahari ndani ya nyumba kwa muda mrefu. Mwaka 1832, Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyeishi Sicily, alitengeneza matangi ya vioo ili achunguze jamii fulani ya pweza. Lakini mtu anayenigusa zaidi ni Anna Thynne wa London. Mwaka 1846 alichukua matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay, kusini mwa Uingereza, akayapeleka jijini. Hakukuwa na pampu wala stima. Mtumishi wake wa nyumbani alikuwa akiyamimina maji kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Kila mara nikisikia pampu yangu ikinguruma namkumbuka mtumishi huyo, ambaye mkono wake ulikuwa pampu. Baadaye Thynne aliongeza mwani, na matumbawe yale yaliishi karibu miaka mitatu.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la kwanza la umma la samaki hai, na Philip Henry Gosse alikuwa mmoja wa waliochangia viumbe wake. Mwaka uliofuata akachapisha kitabu kilicholieneza jina la akwariamu, na Waingereza wakashikwa na homa ya kuweka bahari sebuleni. Gosse pia alibuni maji ya bahari ya kujitengenezea kwa kuchanganya aina nne za chumvi. Hili ni muhimu kwetu tulio mbali na bahari, maana chumvi ya jikoni haifai. Chumvi ya kawaida ni kama asilimia 85 tu ya vitu vilivyoyeyuka baharini. Vingine ni magnesi, kalsi, potasi na kadhalika. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alitangaza matokeo ya kupima sampuli 77 zilizokusanywa na meli ya Challenger katika safari yake ya kuzunguka dunia ya 1872 hadi 1876. Aligundua kwamba hata chumvi ikizidi au ikipungua, uwiano wa vitu hivyo vikuu unabaki karibu ule ule kila bahari. Ndiyo maana leo mfuko mmoja wa chumvi unaweza kutumika Gesima au Berlin: gramu 35 hivi kwa lita moja. Kwa tangi langu ni kilo 7.

Lakini homa ile ya Waingereza ilipoa. Matangi mengi yalinuka na viumbe wakafa, na wenyewe hawakujua kwa nini. Wengi wao waliangalia maji wakayaona safi, kama mimi.

Mdudu asiyeonekana

Samaki anatoa amonia, na chakula kinachooza kinatoa amonia. Amonia haina rangi, lakini inaunguza mashavu ya samaki. Kunako mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi kutoka Urusi, alionyesha kwamba kuna bakteria wanaoishi kwa kugeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Bakteria hao huzaana polepole. Katika tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Huwezi kuwaharakisha kwa kununua kompyuta yenye kasi!

Samaki wangu wawili walikufa kwa sababu mnyororo huo haukuwepo. Ni kama kuwafungulia watumiaji mfumo ambao nusu yake bado haijaandikwa.

Jibu la Jakarta

Hadi katikati ya karne ya 20, wapenzi wa akwariamu huko Ulaya na Marekani walijitahidi kuyasafisha maji kwa machujio ya kila aina. Samaki waliishi, lakini matumbawe yalikuwa yakifa. Mwaka 1961 mtu mmoja wa Jakarta, Indonesia, aitwaye Lee Chin Eng, aliandika makala katika gazeti la Marekani la wafugaji wa samaki akieleza njia yake. Alitumia maji ya bahari, mwanga wa jua, viputo vya hewa kutoka pampu ndogo, na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na uhai wake wote. Basi, hakuwa na zaidi ya hapo. Matumbawe yake yaliishi.

Siri ilikuwa kwenye mawe. Jiwe la mwamba lina vitundu vingi kama mkate. Juu yake, penye hewa, wanaishi bakteria wa amonia na nitriti. Ndani, ambako hewa haifiki, wanaishi wengine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayopotea angani. Kwa maneno mengine, jiwe lenyewe ndilo chujio.

Waliojaribu njia hiyo mbali na bahari mara nyingi walishindwa, kwa sababu mawe yaliozea safarini. Katika miaka ya 1970 na 1980 wapenzi wa akwariamu wa Berlin, Dietrich Stüber akiwa miongoni mwao, waliunganisha mawe hai, taa kali na mashine inayotoa uchafu kwa povu. Matumbawe yakaanza kukua ndani ya nyumba, mbali kabisa na tropiki. Stüber alikuwa akikata vipande vya tumbawe lake na kuwapa wengine, nao wakakata na kugawa. Hapo nilitabasamu, maana hiyo ni programu huria kabisa. Nakala inasambaa kutoka mtu hadi mtu, na mwamba baharini hauguswi.

Na huku kwetu?

Hapa ndipo historia ilipoacha kunifurahisha. Samaki wa mapambo kutoka pwani ya Kenya wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege kwenda ng'ambo kwa miongo mingi. Wazamiaji huwakamata kwa nyavu ndogo, mmoja mmoja. Ni riziki ya watu, na sina haki ya kuwahukumu nikiwa juu ya mlima. Lakini bahari hiyo hiyo imeumia. Mbuga za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968 ili kulinda sehemu yake, na ndani ya mbuga hizo huruhusiwi kuokota hata jiwe. Lakini mipaka haizuii joto. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, maji yalipata joto kuliko kawaida, matumbawe yakawafukuza mwani wadogo wanaoishi ndani yake na kuyalisha, yakawa meupe, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ikafa. Yakapauka tena mwaka 2016, na tena mwaka 2024.

Basi nikajiuliza: hivi mimi nina sababu gani ya kutoa jiwe hai katika bahari hiyo ili likae sebuleni? Sheria pia inauma. Tangu mwaka 1990 matumbawe yote magumu yamo katika orodha ya mkataba wa CITES, yaani biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji vibali.

Jibu nililipata mjengoni. Watu wa Pwani wamejenga kwa mawe ya matumbawe kwa karne nyingi, na hadi leo machimbo ya nchi kavu kule Kilifi na Kwale hutoa matofali ya mwamba wa kale, uliokufa yapata miaka 125,000 iliyopita wakati bahari ilikuwa juu zaidi ya ilivyo sasa. Rafiki aliye Kilifi alinitumia kwa basi gunia la vipande vilivyovunjika. Vina vitundu vile vile. Kilichokosekana ni bakteria tu.

Jaribio la pili

Kwa anayetaka kujaribu, hivi ndivyo nilivyofanya:

1. Maji. Mvua ni nyingi hapa, lakini mabati yamepakwa zinki, na zinki ni sumu kwa matumbawe na konokono. Nayapitisha maji yote kwenye chujio la osmosisi kabla ya kutia chumvi.

2. Mbegu. Nilipata kikombe cha mchanga mbichi kutoka tangi la rafiki wa Nairobi. Humo ndimo bakteria walimotoka.

3. Chakula cha bakteria. Niliweka omena wachache waoze. Ndiyo, nyumba ilinuka. Nyanya yangu alihamia jikoni kwa siku mbili.

4. Joto. Usiku wa Gesima ni baridi. Hita hushikilia nyuzi 25, na kihisi nilichokiunganisha na kompyuta ndogo hunitumia ujumbe joto likipanda au kushuka. Yaliyotokea 1998 yanaweza kutokea ndani ya tangi kwa saa chache tu, hita ikikwama.

5. Hewa. Katika mwinuko huu hewa ni pungufu kwa kama asilimia 20 ikilinganishwa na Pwani. Stima ikipotea, betri ya volti 12 huendesha pampu ndogo ya viputo usiku kucha. Hita na taa huzimika, lakini viumbe wanapumua. Ni njia ya Lee Chin Eng, na bado inafanya kazi.

Amonia ilipanda siku ya tisa. Nitriti ikafuata, ikakaa juu hadi nikaanza kukata tamaa. Siku ya 38 vyote viwili vilisoma sifuri, na siku ya 39 pia. Nilimpigia baba mdogo simu. Akasema, "Sasa yameiva. Ngoja tena wiki moja."

Nimengoja. Leo kuna konokono watatu, na kipande cha tumbawe laini chenye ukubwa wa kidole gumba, kilichokatwa kutoka tangi la yule rafiki wa Nairobi. Jana jioni kilifunguka kwa mara ya kwanza. Nyanya alikitazama kwa muda mrefu, akauliza kama ni ua au ni mnyama. Nikamwambia ni mnyama. Akasema basi kipewe chakula.

Samaki bado. Nikimpata aliyezaliwa ndani ya tangi, kama ilivyowezekana kwa baadhi ya jamii tangu miaka ya 1970, nitamchukua. Nisipompata, mawe na konokono wanatosha kwa sasa.

Wiki ijayo nitaweka programu ya kile kihisi cha joto, mistari 40 tu. Wenye maswali karibuni, na wenye matangi Kisii, Nyamira au Kisumu, hebu jitokezeni. Kipande changu kikikua nitawakatia.