Mtahini Atokaye Nje: Vyuo vya Afrika ya Mashariki na Maandalizi ya Kupimwa

Chuo kinapoarifiwa kwamba watathmini wanakuja, kazi ya kwanza huwa ni kupanga majalada. Mihutasari ya masomo hutafutwa, kumbukumbu za vikao vya idara hukusanywa, na karatasi za majibu za miaka iliyopita hutolewa kabatini. Desturi hii ina asili ya kale kidogo katika Afrika ya Mashariki, na historia yake yaonyesha kwamba suala zito si kama chuo kitapimwa au la. Suala ni nani aliyekitunga kipimo, na kwa lugha gani.

Mwaka 1949 Chuo cha Makerere kiliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mihutasari ilipelekwa London ikaidhinishwe. Walimu wa Makerere nao waliweza kupendekeza marekebisho yanayoafiki mazingira yao, na kushirikiana na watahini wa London katika kutunga na kusahihisha mitihani. Shahada za kwanza chini ya mpango huo zilitolewa mwaka 1953. Si haki kuuona mpango huo kuwa utegemezi mtupu. Ulimpa mhitimu shahada ambayo hakuna mwajiri wala chuo cha ng'ambo angeweza kuibeza kwa sababu tu ilipatikana Kampala. Hata hivyo, ulimzoesha mhadhiri kutayarisha kazi yake huku akimwangalia msomaji aliye mbali, asiyewajua wanafunzi wala nchi yao.

Vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam vilifuata njia hiyo hiyo mwaka 1961. Mwaka 1963 vyuo vyote vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na muungano huo ulipovunjika mwaka 1970, kila nchi ikapata chuo kikuu chake. Mtahini wa nje hakuondoka pamoja na London. Alibaki kuwa sehemu ya utaratibu wa kila mwaka. Kilichobadilika ni mahali alipotoka na madaraka aliyokuwa nayo.

Wanazuoni wa lugha wana mfano wao wenyewe wa tathmini ya namna hii. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliundwa mwaka 1930. Miswada ya vitabu vya shule ilipelekwa kwake, ikasomwa na kusahihishwa, na iliyoridhisha ikapewa ithibati. Makao ya Kamati yalihama kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952, kisha Mombasa, na mwaka 1964 kazi yake ikarithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo cha Dar es Salaam.

Faida ya kazi hiyo haikanushiki: tahajia moja, na vitabu vilivyoweza kusomwa katika nchi zote nne za wakati huo. Lakini kipimo kilikuwa na upande wake wa pili. Pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani na rasi ya Chale hadi Msambweni, Wasini na Vanga, Chidigo, Chifundi na Kivumba hukaa jirani, na msemaji mmoja huweza kuhama kutoka usemi hadi usemi kwa siku moja. Mwandishi wa huko alipimwa kwa mizani ambayo haikutengenezwa kwao. Kilichokuwa tofauti kilihesabiwa kuwa kosa, na msahihishaji hakulazimika kuuliza kwa nini watu wasema hivyo.

Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, ilifundisha Kiswahili kwa Kiswahili. Matokeo yake katika mambo ya tathmini hayasemwi mara nyingi. Mtahini wa nje alipaswa kusoma majibu yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kujadiliana na walimu kwa istilahi zao. Hapo mpimaji ndiye aliyepaswa kuifuata lugha ya mpimwa.

Baadaye tathmini ilivuka mipaka ya mtihani ikagusa chuo kizima. Kenya iliunda Tume ya Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka 1985, ambayo ithibati yake ilivihusu hasa vyuo vikuu vya binafsi. Sheria ya mwaka 2012 iliviweka na vya umma chini ya tume mpya. Tanzania ilikuwa na Baraza la Ithibati tangu mwaka 1995, na Tume ya Vyuo Vikuu tangu mwaka 2005. Pwani ya Kenya yenyewe iliyaona mabadiliko hayo katika taasisi moja. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi mwaka 1951, ikawa Politekniki ya Mombasa mwaka 1972, chuo kishiriki mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013, chenye kampasi Kwale. Kila hatua ilileta kipimo kipya.

Katika utaratibu wa siku hizi, idara hutakiwa ijipime kwanza. Huandika taarifa juu ya malengo yake, mtaala, walimu, maktaba na maendeleo ya wahitimu; ndipo jopo la wageni hufika, likazungumza na viongozi, walimu na wanafunzi kila kundi peke yake, ili kulinganisha yaliyoandikwa na yaliyopo. Taarifa inayoficha udhaifu, basi, hulinyima jopo kazi na huinyima idara faida.

Mfano wa maandalizi ya kweli wapatikana nje ya vyuo. Katika ghuba ya Gazi, inayokingwa mawimbi na rasi ya Chale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni huendesha mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, wakiuza haki za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Mradi huo nao hukaguliwa kutoka nje, chini ya kanuni za Plan Vivo. Lakini miti hupimwa msituni mwaka baada ya mwaka, mkaguzi awepo asiwepo, na watu wanaoijua mikandaa na michu kwa majina yake. Mkaguzi afikapo, huhakiki hesabu ambayo wenyeji wanayo tayari na wanaitumia.

Idara ya lugha ina sababu ya ziada ya kulizingatia hilo. Ikifundisha kwa Kiswahili, kisha ikajieleza mbele ya jopo kwa Kiingereza pekee, hujipima kwa maneno ambayo wanafunzi wake hawakuyatumia darasani, na mengi yaliyo bora katika kazi yake hubaki bila jina. Taarifa yapaswa kuandikwa kwanza kwa lugha ya kazi yenyewe, ijadiliwe kwayo na walimu pamoja na wanafunzi, na tafsiri ifuate ikihitajika. Kamati ya mwaka 1930 iliacha lugha iliyosanifiwa. Haikuacha desturi ya kumwuliza msemaji. Kazi hiyo ya pili ingali mikononi mwa idara.