Damu ya kuku na kumbukumbu ya mafua

Mshipa ulichanika kwa bahati mbaya. Ilikuwa mwaka 1941, na George Hirst, mtafiti wa Taasisi ya Rockefeller jijini New York, alikuwa akivuna virusi vya mafua kutoka kwenye mayai ya kuku yenye vifaranga ambavyo havijaanguliwa. Ni kazi ya kutoboa ganda na kufyonza maji yanayomzunguka kifaranga, yai baada ya yai. Damu ya kifaranga kimoja ikachuruzika ndani ya maji yale, na badala ya kuyatia wekundu tu, chembe zake zikashikana vibonge vibonge. Wengi wangelitupa yai lile na kuchukua jingine. Hirst alitafuta damu zaidi ya kuku, akarudia makusudi.

Aligundua kwamba virusi vya mafua hunasa chembe nyekundu za damu: kirusi kimoja hushika chembe mbili, kingine huziunga na nyingine, mpaka zote zinafungamana kama wavu. Kisha akaona jambo lenye thamani zaidi. Ukitia kwanza seramu, yaani yale maji ya damu, ya mtu aliyekwisha kuugua mafua hayo, chembe hazishikani, kwa kuwa kingamwili zimeviwahi virusi na kuvifunga. Watafiti wawili wa Toronto, Canada, waliona jambo hilohilo mwaka huohuo.

Kabla ya hapo, kupima kingamwili za mafua kulitaka panya wengi na subira nyingi zaidi. Huko London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walivipata virusi vya mafua ya binadamu mwaka 1933 kwa kuambukiza fereti, mnyama wa jamii ya kicheche. Walipotaka kujua nani ana kinga, walichanganya seramu yake na virusi, wakampa panya kupitia puani, wakasubiri kuona kama atakufa. Kwa taabu hiyo lilijulikana jambo la kushangaza: seramu za watu wazima waliokuwepo wakati wa janga la 1918 ziliweza kuvizuia virusi vya nguruwe ambavyo Richard Shope alivipata Marekani, lakini seramu za watoto waliozaliwa baada ya janga hilo hazikuweza. Damu za wale watu wazima zilikuwa zinakumbuka.

Kipimo cha Hirst kiliwapumzisha panya. Seramu inazimuliwa nusu kwa nusu, moja kwa 10, kwa 20, kwa 40, katika vishimo vya sahani ya plastiki. Vinatiwa virusi, kisha chembe za damu ya kuku. Baada ya kama nusu saa unasoma majibu kwa macho matupu. Kingamwili zikipungua, chembe hutandazika kama mkeka. Zikitosha, chembe huzama na kuwa kitone chekundu, na ukiinamisha sahani kinachuruzika kama chozi. Moja kwa 40 ndiyo kiwango ambacho watu wa chanjo wamekizoea kwa muda mrefu, kikihusishwa na kupungua kwa hatari ya kuugua kwa takribani nusu. Virusi vya kideri, ugonjwa mwingine wa kuku, navyo hushikanisha chembe za kuku, ndiyo maana kipimo hichohicho hutumika kujua kama tone la chanjo yake iitwayo I-2 alilotiwa kuku jichoni limefanya kazi.

Kuku mwenyewe, hata hivyo, hafaidiki sana na kingamwili za mafua. Ugonjwa ulioitwa tauni ya kuku, ulioelezwa Italia mwaka 1878, ulibainika mwaka 1955, kwa kazi ya Werner Schäfer wa Ujerumani, kuwa ni mafua ya jamii moja na yale yanayowapata watu. Aina zake kali humuua kuku kwa siku moja au mbili, ilhali mwili wake unahitaji takribani wiki kutengeneza kingamwili za kutosha. Kuku anapokutwa na kingamwili hizo, mara nyingi alichanjwa au alipitiwa na mafua mepesi. Bata mara nyingi huponea, wakabaki na ushahidi huo damuni.

Kisha ikaja Hong Kong. Mei 1997 mtoto wa miaka mitatu alifariki kwa virusi vya H5N1, ambavyo vilijulikana kama vya kuku. Kufikia mwisho wa mwaka wagonjwa walikuwa 18, na sita kati yao walikufa. Serikali ikachinja kuku zaidi ya milioni moja. Maabara zilipotaka kujua ni wangapi wengine waliambukizwa kimyakimya, kipimo cha Hirst kikawaangusha: damu ya kuku haikuweza kuonyesha vizuri kingamwili za binadamu dhidi ya mafua ya kuku! Ilibidi warudi kwenye njia ya zamani ya kuzuia maambukizi, sasa katika seli badala ya panya, na baadaye ikaonekana kwamba chembe za damu ya farasi huvinasa virusi vya ndege vizuri zaidi. Kwa kipimo hicho cha seli, takribani asilimia 10 ya wafanyakazi wa kuku waliopimwa Hong Kong walikutwa na kingamwili za H5.

Mwaka 1960 Thomas Francis, Mmarekani, aliipa tabia moja ya kingamwili jina la dhambi ya asili: mwili haukomi kuyakumbuka mafua ya kwanza ya utotoni, hata ukikutana na mengine. Watafiti wa Marekani walilithibitisha wazo hilo kwa namna mpya mwaka 2016. Waliozaliwa kabla ya 1968 walianza na mafua ya H1 au H2, jamaa za H5, na H5N1 haikuwaumiza sana kama ilivyowaumiza vijana. Wengi waliozaliwa baada ya hapo walianza na H3, jamaa ya H7, na hao ndio walioepuka zaidi makali ya H7N9 iliyozuka China mwaka 2013.