Mtume, Mzee na Askofu: Vyeo vya Kanisa katika Nchi ya Upare

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za vyeo vya Kanisa, nasi hatutaanza Yerusalemu wala Roma, bali Same, mji ulio chini ya milima ya Upare. Katika mji huu makanisa matatu yameweka makao ya uongozi wao. Wakatoliki wana askofu, na nchi aitunzayo huiita jimbo. Walutheri nao wana askofu, na nchi yake huiita dayosisi. Waadventista Wasabato hawana askofu kabisa. Wana mwenyekiti wa konferensi. Wote husoma Maandiko yale yale, na kila mmoja husema kwamba utaratibu wake wapatana na mafundisho ya mitume. Wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu hutuuliza mara kwa mara: basi nani mwenye haki? Sisi hatukai hapa kuamua shauri hilo, maana katika Upare utaona nyumba moja ina watu wa makanisa mawili, na pengine mjomba wao ni Mwislamu. Lakini twaweza kutazama mambo yalivyokuwa.

Neno mtume ni jepesi kwetu: ni mtu aliyetumwa. Wayunani walisema apostolos, na maana yake ni hiyo hiyo. Yuda alipopotea, wale kumi na mmoja walipiga kura, nayo ikamwangukia Mathiya, ili hesabu ya kumi na wawili itimie. Hata mfalme Herode alipomwua Yakobo, ndugu yake Yohana, yapata mwaka 44, kitabu cha Matendo ya Mitume hakisemi kwamba mtu mwingine alichaguliwa mahali pake. Jambo hili wasomaji wengi hulipita upesi. Nalo ni kubwa, maana hapo ndipo ulipoanza ugomvi ambao haujakwisha: mtume akifa, nani ashike kazi yake?

Paulo na Barnaba waliweka wazee katika kila kanisa. Tena Paulo alipowaita wazee wa Efeso waje kwake Mileto, aliwaambia kwamba wamewekwa kuwa waangalizi wa kundi. Na neno hilo mwangalizi kwa Kiyunani ni episkopos, ambalo Waarabu walilifanya usquf, nasi tukapata askofu. Basi siku zile mzee na askofu walikuwa watu wale wale. Mwanzoni mwa karne ya pili, Ignatio wa Antiokia aliandika barua zake alipokuwa akipelekwa Roma kuuawa, na humo twaona habari nyingine: askofu mmoja, wazee wakimzunguka, na mashemasi wa kuhudumu. Utaratibu huo ndio ulioenea.

Na mitume wenyewe? Kipo kitabu kidogo cha zamani kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, nacho chaeleza jinsi ya kumpokea mtume apitaye. Akae siku moja, au mbili kama kuna haja. Akikaa siku tatu, ni nabii wa uongo. Aondokapo apewe mkate wa njiani tu, na akiomba fedha, huyo pia ni wa uongo. Twakiri kwamba tulicheka tulipoyasoma hayo mara ya kwanza, tukiwakumbuka wageni kadha wa kadha. Lakini kwa watu wale halikuwa jambo la kuchekesha. Walikuwa maskini, na mdanganyifu mmoja aliweza kumaliza chakula cha nyumba nzima. Siku hizi, katika miji yetu, wapo wachungaji wa makanisa mapya wajiitao mitume na manabii. Hao nao wana haki ya kupimwa kwa kipimo hicho.

Sasa turudi milimani. Wapare walikuwa na uongozi wao kabla ya wageni: mfumwa aliyetawala, na wazee wa shauri walioitwa wanjama, ambao mfumwa mwenye akili hakuwadharau. Hata Walutheri wa misheni ya Leipzig wakaja zamani za Wadachi, wakakaa Shigatini, kisha Gonja na Mbaga. Waadventista walifika mwaka 1903, wakaanza kazi mahali paitwapo Giti, wakapaita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Baadaye Suji ikawa kituo chao kikubwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa Kilema katika Kilimanjaro tangu mwaka 1891, nao walipanda Upare. Kila mmoja alitumwa na watu wa mbali, na kila mmoja alileta vyeo vyake kama mtu aletavyo mbegu za kwao.

Ndipo ikaja vita ya mwaka 1914. Wamisionari wa Kidachi waliondolewa, na kufika mwaka 1920 wale wa Leipzig walikuwa wamerudishwa kwao. Fikirini hali ile. Waliotumwa wamekwenda, na waliowatuma hawawezi kufika. Katika sharika za Kilutheri waliobaki ni walimu na wazee, watu wasiowekewa mikono kuwa wachungaji. Ndio waliofundisha watoto, wakaongoza ibada na kuzika wafu, na watu wakawafuata. Walikuwa na cheo gani? Katika vitabu vya misheni waliitwa walimu tu. Sisi tulio walimu twaona kwamba walifanya kazi ya wazee wa Efeso, bila jina lake.

Wamisionari waliporudi miaka ya 1920 walikuta makanisa yaliyo hai. Hata hivyo Walutheri wa kaskazini walingoja hadi mwaka 1934 kuona Waafrika wa kwanza wakiwekwa kuwa wachungaji. Kwa maoni yetu walingojeshwa mno. Askofu wao wa kwanza Mwafrika, Stefano Moshi, aliwekwa mwaka 1960, na Upare ulikuwa chini yake mpaka mwaka 1975, ulipofanywa dayosisi, askofu akiwa Eliewaha Mshana. Askofu wa Kilutheri huchaguliwa na mkutano wa kanisa lake. Waadventista huchagua viongozi wa konferensi kwa kura za wajumbe, kwa muda uliowekwa, na muda ukiisha kiongozi aweza kurudi kuwa mchungaji wa kawaida. Wazee wa kanisa huchaguliwa na washiriki wenyewe.

Kwa Wakatoliki njia ni nyingine: askofu huteuliwa na Papa. Mwaka 1963 Same ilitengwa na Moshi ikawa Prefektura ya Kitume, jina la nchi ambayo kanisa lake bado ni changa, nalo lina ndani yake neno lile lile la mtume. Mwaka 1977 ikawa jimbo kamili. Josaphat Lebulu akawa askofu wake mwaka 1979, akakaa karibu miaka ishirini. Hata mwaka 1998 amri ikatoka Roma kwamba ahamie Arusha, naye akaenda.