Ziwa Natron na Jirani Asiyeulizwa

Mwaka 1962 heroe wa Ziwa Natron walihamia Kenya. Mvua za mwishoni mwa 1961 zilikuwa kubwa kupita kiasi, ziwa likajaa, na tope wanalojengea viota likazama. Ndege wakaruka kaskazini hadi Ziwa Magadi, wakataga huko kwa wingi. Lakini Ziwa Magadi halikuwafaa. Vifaranga walipoanza kutembea kwenye maji yake makali, magadi yaligandia miguuni, tabaka juu ya tabaka, mpaka kila mguu ukawa na pingu nyeupe, ngumu kama saruji. Watu waliingia ziwani na nyundo. Walimshika kifaranga mmoja mmoja, wakaigonga pingu taratibu mpaka ikapasuka bila kuvunja mfupa. Maelfu waliokolewa hivyo. Tanganyika ilikuwa huru tangu Desemba 9, 1961. Kenya ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Hakuna aliyeuliza vifaranga wale ni wa serikali gani.

Mimi nimefanya kazi ya tathmini ya athari kwa mazingira kaskazini mwa Tanzania, upande wa jamii: kukaa na wanavijiji, kusikiliza, kuandika walichosema, kisha kupigania maneno yao yasikatwe kwenye ripoti. Kwa muda wote huo sijapata kisa kinachoieleza kazi yetu kuliko hicho cha 1962. Maji yalipanda upande mmoja wa mpaka, kazi ya nyundo ikafanyika upande wa pili.

Mpaka wenyewe ulichorwa Ulaya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari wa kutoka pwani kuelekea Ziwa Victoria, ukipinda ili Kilimanjaro ubaki kwa Wajerumani. Kati ya 1904 na 1906 wapimaji wao walipita porini wakiuweka ardhini. Ulipofika Bonde la Ufa ulipita kaskazini mwa Natron, ukaliacha ziwa upande wa Wajerumani, ulioitwa baadaye Tanganyika. Mto mkubwa unaolilisha, Ewaso Ng'iro ya kusini, ukabaki Kenya, kutoka milima ya Mau mpaka kwenye vinamasi vya Shompole. Kwa hiyo tangu mwanzo ziwa lilikuwa huku na mfereji wake kule, na Wamaasai wenye ng'ombe pande zote mbili.

Walowezi walianza na Ziwa Magadi. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na tawi la reli kutoka Konza likafika ziwani 1915. Magadi yakapakiwa kwenye mabehewa kwenda Mombasa, kisha kwenye viwanda vya vioo na sabuni ng'ambo. Natron haikuguswa. Ilikuwa mbali na reli, joto lake halivumiliki, na tope lake halimbebi mtu. Mwaka 1954 Leslie Brown, Mwingereza mtafiti wa ndege, alijaribu kulivuka kwa miguu ili afike kwenye viota. Ukoko wa juu ulipasuka, akazama kwenye tope la magadi, viatu vikajaa. Alitoka hai, lakini miguu ilikuwa imeungua vibaya hata akalazwa hospitali na kupandikizwa ngozi.

Tope hilo linalounguza mtu ndilo ngome ya heroe mdogo. Anajenga kiota chake kama kichuguu kifupi katikati ya ziwa, anataga yai moja, na fisi wala mbweha hawamfikii. Inakadiriwa kuwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa Natron. Wakishakua hutawanyika kufuata mwani wanaokula: Manyara, na hasa ng'ambo ya mpaka, Nakuru, Elmenteita na Bogoria. Maziwa hayo matatu ya Kenya yaliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni huvuka bahari kuja kuona ufukwe ulivyogeuka waridi. Natron ikiharibika, hasara itahesabiwa Nakuru.

Sheria ilichelewa kulitambua jambo hili. Nchi za Ulaya zilitia saini mkataba wake huko Espoo, Finland, mwaka 1991, nao ukaanza kufanya kazi 1997: nchi yenye mradi unaoweza kumdhuru jirani lazima imjulishe mapema, impe nyaraka, iwaruhusu wananchi wa jirani huyo watoe maoni, na iyazingatie kabla ya kuamua. Sisi hatukuwa nyuma kwa maandishi. Oktoba 1998 Kenya, Tanzania na Uganda zilisaini hati ya makubaliano ya kushirikiana katika mazingira. Mwaka uliofuata ukaja Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Ibara yake ya 111 inataka nchi wanachama zijulishane kwa wakati na zishauriane mapema kuhusu shughuli zenye athari za kuvuka mpaka. Nimeisoma ibara hiyo mara nyingi, na naipenda. Iko wazi. Kinachokosekana ni mtu wa kuibeba mpaka kijijini.

Nasema hivyo kwa sababu nimeshika ramani zetu. Katika mradi mmoja wa maji niliofanyia kazi karibu na ziwa hilo, ramani ya eneo la utafiti ilichorwa kwa uangalifu mkubwa: mabonde, njia za mifugo, maboma, hata miti mikubwa ya migunga ambayo watu hukutania. Ilipofika mpaka wa Kenya ikakoma. Juu ya mstari kulikuwa na karatasi tupu, nyeupe, bila hata jina la mto, na mto wenyewe ukaonekana kuanzia hewani. Tulipoitandika chini mkutanoni, mzee mmoja aliinama, akaweka ncha ya fimbo yake kwenye ule weupe.

"Mama, hapa anakaa mjomba wangu. Mbona hamkumwandika?"

Nikamweleza kwamba kibali chetu kinaishia mpakani.

"Ng'ombe wangu wakati wa kiangazi wanakunywa kwake. Na maji mnayotaka kuyapima yanatoka kwake. Sasa mtanipimia nini mimi?"

Niliandika maneno yake kama alivyoyasema. Ripoti ya mwisho ilipotoka, yalikuwa yamefupishwa kuwa: jamii imependekeza ushirikishwaji zaidi.

Mwaka 2006 suala hili lilitoka kwenye mikutano ya vijijini likafika magazetini. Tata Chemicals ya India, ambayo wakati huo ilikwishamiliki kiwanda cha Magadi, iliungana na Shirika la Maendeleo la Taifa la Tanzania kupanga kiwanda kwenye ufukwe wa Natron. Lengo lilikuwa tani 500,000 za magadi kwa mwaka. Hoja ya serikali haikuwa ya kubezwa: Kenya imeuza magadi tangu enzi za mkoloni, kwa nini Tanzania ilikalie tu ziwa lake? Lakini Natron ilikuwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu tangu 2001, na ripoti ya tathmini ilipotoka 2007 ilipingwa vikali. Watetezi wa ndege wa Nairobi na wa Dar es Salaam walisimama upande mmoja. Februari 2008 wataalamu wa Ramsar walikuja kuliona ziwa wenyewe, na mwaka huohuo Tata wakajitoa. Nilifurahi, lakini furaha yangu ilikuwa na doa. Jirani alisikika kwa sababu alipaza sauti. Utaratibu wa kumsikiliza kabla hajapaza haukuwepo.

Kibao kingeweza kugeuka, na kiligeuka. Kenya nayo ina mpango wa muda mrefu wa kufua umeme kwenye Ewaso Ng'iro, ambao umekuwa ukitajwa, ukinyamaza, kisha ukitajwa tena. Sehemu yake ni kuyachepusha maji ya mto Amala. Amala ukiungana na Nyangores ndipo unapatikana mto Mara, ule ambao nyumbu wa Serengeti huuvuka na kunywa wakati mabwawa mengine yamekauka, na ambao humwaga maji Ziwa Victoria karibu na Musoma. Ukiyachepusha maji hayo, Mara unapungua kiangazi. Ukiyamwaga Ewaso Ng'iro, Natron inapata maji mengi yasiyo na chumvi kuliko ilivyozoea, chumvi inapungua, mwani unabadilika, viota vinaweza kuzama kama 1962. Mradi mmoja upande wa Kenya, majeraha mawili upande wa Tanzania. Hapo sisi ndio tungekuwa karatasi nyeupe kwenye ramani ya mwenzetu.

Barabara ya Serengeti ndiyo iliyolifikisha jambo mahakamani. Tanzania ilipanga barabara kuu ya kwenda Musoma kupitia Loliondo, ikatize kaskazini mwa hifadhi kwa zaidi ya kilomita 50, kwenye njia ya nyumbu waendao Maasai Mara. Mwishoni mwa 2010 asasi ya kutetea wanyama yenye makao Nairobi ilifungua kesi dhidi ya Tanzania kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Juni 20, 2014 majaji walitamka kwamba kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi hiyo kungekiuka Mkataba wa Jumuiya. Wapo wenzangu waliokasirika kwamba Mkenya ametushtaki nyumbani kwetu. Mimi nilisoma hukumu hiyo kwa shukrani, maana kwa mara ya kwanza niliona maneno ya mkataba wetu yakimzuia mtu kufanya kitu.

Tangu 2012, kila Septemba 15, nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mara kwa kupokezana uenyeji, na watu hupanda miti pamoja. Ni jambo jema. Ila miti haisomi ripoti.

Sasa macho ya Tanzania yamehamia Engaruka, kusini mwa Natron, ambako magadi mengi yamegunduliwa chini ya ardhi. Nimefarijika kwamba ziwa limepata ahueni, na watu wa Engaruka wana haki ya kunufaika. Lakini maji ya chini ya bonde lile hayajui mipaka ya kijiji wala ya nchi, na kabla ya kuchimba ningetaka kuona ramani inayopanda mpaka Shompole na Nakuru, na orodha ya walioulizwa yenye majina kutoka pande zote mbili. Kanuni zetu za 2005 zinataka muhtasari wa ripoti uandikwe pia kwa Kiswahili. Nakala yake ikipelekwa kwa chifu kule Kajiado, Kenya, ataisoma mwenyewe barazani siku hiyohiyo, na yule mjomba atakuwepo kuuliza maswali yake.