Tupe adui: gemu za historia chini ya Mlima Hanang

Gemu yangu ya kwanza ya historia niliichezea Katesh, ndani ya duka la steshenari, kwenye kompyuta ya mezani ambayo mchana ilichapa barua za maombi ya kazi na jioni ikageuka uwanja wa vita. Ilikuwa Age of Empires II, ile ya 1999, iliyotufikia kwa fleshi miaka mingi baada ya dunia nzima kuicheza. Tulilipa kwa saa. Saladin sikuwa namjua, wala Joan wa Arc, lakini nilijua upesi kwamba mwanakijiji mmoja hukata kuni, mwingine huchuma matunda ya porini, na usipowahi kujenga ukuta umekwisha.

Walionishinda kuelewa ni kondoo. Mwanzoni mwa gemu kondoo wanazurura bila rangi. Mpanda farasi wako akiwapitia karibu, wanageuka rangi yako. Wako. Hujanunua, hujarithi, hujalipa mahari. Umewaona tu.

Jioni moja babu alikuja kunitafuta, akasimama nyuma ya kiti akiangalia. Akauliza, "Hao kondoo ni wa nani?"

"Wangu, babu. Nimewaona kwanza."

Alicheka mpaka mwenye duka akageuka. "Basi na mimi kesho nikapite karibu na zizi la jirani."

Wakati ule nilichukulia kuwa ni utani wa mzee asiyejua kompyuta. Leo, baada ya kukesha usiku mwingi na gemu za mkakati na zile za kuvaa uhusika, naona alikuwa ameuliza swali lenyewe. Hizi gemu nazipenda, na siandiki hapa kuzikana. Nataka tu kulijibu swali la babu kwa historia ya huku kwetu, Mbulu na Hanang.

Chukua Civilization IV, ya 2005. Ukiifungua unapokelewa kwa Kiswahili: wimbo wa "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin, na maneno yake ni Sala ya Bwana. Mwaka 2011 ulishinda Grammy, wimbo wa kwanza wa gemu kupata tuzo hiyo. Mara ya kwanza niliposikia niliacha kipanya nikakaa kimya, maana ni maneno ninayoyasema tangu utoto. Kisha unaingia ndani kuchagua taifa, na Mswahili humwoni. Kilwa hakuna, Mombasa hakuna. Lugha imesimama mlangoni kama bawabu, wenye lugha hawamo kwenye orodha.

Ramani inaanza gizani. Unafunua kipande kwa kipande, na ardhi isiyo na mpaka wa rangi ni ya atakayewahi kujenga mji. Na humo gizani, pale ambapo hakuna taifa linalotazama, ndipo wanapozaliwa wale ambao gemu inawaita washenzi. Huwezi kuwatumia balozi. Hawana madai ambayo unaweza kuyasikiliza. Kazi yao ni kukusumbua mpaka uwafute.

Ramani ya namna hiyo ilishachezwa Hanang bila kompyuta. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali kupitia shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, ilianza kulima ngano kwenye tambarare za Basotu. Mwishowe yakawa mashamba makubwa saba, karibu ekari 100,000. Kwa hesabu za gemu ni hatua safi kabisa: nchi inahitaji chakula, udongo ni mzuri, matrekta yapo, na kipande kile kwenye ramani hakina mji.

Lakini kilikuwa na watu. Wabarbaig, tawi la Wadatoga, walikuwa na jina la tambarare zile: muhajega. Mtafiti Charles Lane, aliyeandika kwa kirefu juu ya malisho yao, alieleza kwamba waliigawa nchi katika aina nane za malisho na kuzizungukia kwa majira. Muhajega ndiyo iliyokuwa na majani bora, ya kuliwa wakati wa mvua. Kiangazi waliiacha ipumzike. Kwa hiyo mgeni aliyepita kiangazi aliona uwanda mtupu, na mwenyeji aliona akiba. Humo pia yalikuwemo makaburi ya wazee wao wa heshima, yale marefu ya udongo wanayoyaita bung'eda, ambayo mazishi yake huchukua miezi. Jembe la trekta halikujua tofauti ya kichuguu na kaburi.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Sababu mojawapo humfanya msomaji arudie mstari: madai ya ardhi ya kimila yalikuwa ya "wenyeji", na wadai hawakuthibitisha mbele ya mahakama kwamba wao ni wenyeji. Watu ambao makaburi ya baba zao yamo shambani! Jamani, hata Civilization haijawahi kuniandikia sentensi kama hiyo.

Na jina pia lina mzigo wake. Kiswahili cha mtaani kinawaita Wadatoga "Wamang'ati". Neno hilo linatokana na Kimaasai, na maana yake ni maadui. Yaani sisi wengine tunaposema Mang'ati kana kwamba ni jina la kabila, tunamwita mtu kwa jina alilopewa na aliyekuwa akipigana naye. Ndivyo gemu inavyofanya: mwekundu ni mwekundu, basi.

Ningeweza kuishia hapo nikijifanya mtetezi. Lakini mimi ni Mwiraqw, na babu aliyenicheka dukani alishuka kutoka Mbulu na jembe na mbegu. Zamani watu wetu walibanana kwenye vilima vya Irqwa Da'aw, huko Kainam na Murray, wakilima miteremko kwa samadi na kuchimbia nyumba ubavuni mwa kilima, paa la udongo juu, ili mvamizi wa mbali aone majani tu. Huo ni mkakati ambao sijauona kwenye gemu yoyote: kushinda kwa kutoonekana. Kisha miaka ya 1890 sotoka ikaua ng'ombe, nguvu za Wamaasai zikapungua, na wakati wa ukoloni vichaka vya mbung'o vikafyekwa. Tukatoka. Dongobesh, Karatu, mpaka miteremko ya Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400 ambao Wadatoga wanauheshimu kama mahali patakatifu. Hatukuja na jeshi, tulikuja na mahindi. Kila tulipolima, hata hivyo, palikuwa malisho ya mtu. Tulioana nao, tuliazimana nao ng'ombe, na tuligombana nao. Yote ni kweli kwa pamoja.

Ndiyo maana siku hizi ninaponunua gemu ya kuvaa uhusika, zile za wachawi na mapango, nafikiria hadithi ambayo wazee wa Kiiraqw husimulia juu ya Ma'angwatay. Ina namna nyingi. Niliyoisikia mimi inakwenda hivi. Watu waliishi huko chini ya Haymu Tipe, kiongozi mwenye dawa kali. Vijana walikuwa na nguvu na hawakuwa na vita. Wakamkamata Gemakw, mwana wa pekee wa Haymu Tipe, wakampeleka msituni, wakamtumia baba ujumbe: ama mtoto afe, ama utuletee adui tupigane naye. Mzee akasema, nirudishieni mwanangu salama. Walipomrudisha, akawaita adui. Adui akaja. Vijana wakauawa kwa wingi, nchi ikaachwa, watu wakatawanyika. Katika safari ya kukimbia, mahali paitwapo Guser-Twalay, Gemakw akaugua akafa.

Niliposimulia hii kwa rafiki yangu mcheza gemu, alisema hapohapo, "Huo ni mtihani wa Baldur's Gate kabisa! Chaguo la kwanza, mwokoe mtoto. La pili, okoa kijiji." Kweli kabisa. Ila kwenye Baldur's Gate ukikosea unarudi pale ulipohifadhi. Haymu Tipe alichagua mtoto akapoteza kijiji, kisha akapoteza na mtoto. Na kinachonisumbua zaidi si uamuzi wake. Ni wale vijana. Hawakuibiwa ng'ombe wala hawakutukanwa. Waliomba adui kwa sababu bila adui hawakuwa na la kufanya. Na mimi huwasha kompyuta saa tatu usiku nikiomba hichohicho.

Malighafi tunayo ya kutosha. Waafrika wengine wameshaonyesha njia: Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa Aurion mwaka 2016, gemu ya kuvaa uhusika iliyojengwa juu ya ngano za Kiafrika. Kwetu yupo Looaa, jua ambalo ni mama na mwema. Wapo neetlaamee, pepo wa kiume wa chemchemi na mito, wanaotaka tahadhari. Ipo slufay, sala ya kishairi ya wazee, mmoja akitamka na wengine wakiitikia, ambayo katika gemu ningeitaka iwe na nguvu kuliko upanga. Yupo Saigilo, mtabiri wa Kidatoga ambaye utabiri wake bado unatajwa pande zote mbili. Ningependa mwenye kutengeneza gemu hiyo aweke na Wabarbaig wenye midomo ya kusema, na balozi unayeweza kumtuma.

Bado nacheza. Wiki iliyopita nilianza Civilization upya, nikapata uwanda mzuri karibu na mlima, nikauacha. Kompyuta inaendelea kuniwekea duara la buluu pale, kunishauri kwamba ni mahali pazuri pa kujenga mji. Najua ni pazuri. Mvua zikianza, wenye ng'ombe watakuja.